Kumchagulia mtoto mchanga daktari mjini Kisumu: wenzangu mlitazama nini?

Mama wa Riat (mwanzilishi wa uzi)

Hamjambo wazazi wenzangu. Naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo haya, kwa maana jambo lenyewe limeninyima usingizi kuliko hata mtoto anayeamka kunyonya saa nane za usiku.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Nakuru, katika hospitali ya kaunti ambayo wenyeji wengi bado wanaiita PGH, na kwa wiki zile za mwanzo sikuwahi kujiuliza daktari wake ni nani. Chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio alipewa kabla hatujaruhusiwa kwenda nyumbani. Zile za wiki ya sita alichanjiwa katika kliniki iliyo karibu na tulipokuwa tukiishi Lanet, na muuguzi wa hapo alikuwa akimwita kwa jina lake kabla sijafungua kijitabu. Kisha baba yake akahamishiwa kazi Kisumu. Tulifunga vyombo, tukapita Kericho, tukateremka hadi Ahero, na joto la ziwa lilipotupokea ndipo nilipotambua kwamba nimemleta mtoto wa miezi miwili mahali ambapo sina mtu hata mmoja wa kumpigia simu usiku.

Hatukukaa siku kumi kabla hajaanza kukohoa. Jirani alinielekeza kwenye kliniki moja ya kibinafsi, nzuri kwa macho, yenye viti vya ngozi na runinga ukutani. Daktari aliniuliza mtoto ana nini, nikamweleza, naye akaanza kuandika. Mwanangu alikuwa amefunikwa shali tangu tulipoingia hadi tulipotoka. Hakuvuliwa, hakusikilizwa kifua, hakupandishwa kwenye mizani. Tulitoka na dawa tatu za maji na maagizo ya kurudi kwa sindano siku tano mfululizo. Nilifika nyumbani nikaziweka chupa mezani, nikazitazama, nikajiuliza: huyu amejuaje kiasi cha dawa kinachomfaa mtoto ambaye hajui ana kilo ngapi?

Kesho yake asubuhi nilimpeleka kituo cha afya cha serikali. Afisa wa kliniki, dada wa makamo, alinawa mikono, akamvua mtoto nguo zote hadi nepi, akashika saa yake na kumtazama kifua kwa dakika nzima bila kusema neno. Alimpima uzani, joto na malaria, akamgusa utosi, akanitaka nimnyonyeshe mbele yake. Ndipo aliponieleza kwamba ni mafua, kwamba kifua ni safi, kwamba sindano haihitajiki, na akaniambia ishara gani zikitokea nisingoje asubuhi. Sikulipa hata shilingi ya dawa, kwa kuwa hakuandika dawa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza. Nataka mtoto huyu awe na daktari anayemjua, lakini sijui nianzie wapi. Je, ni lazima awe mtaalamu wa watoto? Nimtafute aliye karibu nasi huku Riat, au nishuke mjini kwa aliye bora? Na mzazi humpimaje daktari kabla mtoto hajaugua, maana akishaugua huna tena nafasi ya kuchagua? Mliokwisha pita njia hii, naomba mnieleze mlitazama nini.

Muuguzi wa Kakamega

Dada, karibu nyanda za magharibi, na pole kwa mapokezi hayo. Nimefanya kazi katika kliniki ya mama na mtoto kwa miaka mingi, na nitajibu nikiwa muuguzi na nikiwa mama.

Umeshajijibu nusu ya swali bila kujua. Yule afisa wa kliniki alipotazama kifua kwa dakika nzima alikuwa akihesabu pumzi, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalomtazamia yeyote anayejiita daktari wa watoto. Mtoto wa chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kuna hatari. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka mmoja, kiwango hicho ni mara 50. Na kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, ni mara 40. Huwezi kuihesabu pumzi ya mtoto aliyefunikwa shali, na huwezi kuihesabu kwa sekunde kumi kisha ukazidisha, kwa sababu mtoto mchanga hupumua kwa vipindi: huharakisha, hutulia kidogo, halafu huharakisha tena. Mtu asiyehesabu hawezi kutofautisha mafua na nimonia, na asiyeweza kutofautisha humwandikia kila mtoto antibiotiki ili ajilinde yeye mwenyewe.

Jambo la pili ni mizani. Dawa za mtoto huhesabiwa kwa kilo. Hata parasetamoli, ambayo watu huinunua kama peremende, kipimo chake ni kati ya miligramu 10 na 15 kwa kila kilo ya mwili, na mtoto wa kilo nne akipewa kijiko cha mtoto wa kilo nane umemzidishia maradufu. Swali ulilojiuliza mbele ya zile chupa lilikuwa swali la haki kabisa.

La tatu ni namna anavyomalizia. Daktari mzuri hakuruhusu utoke kabla hajakuambia nini cha kuangalia nyumbani. Mtoto akikataa kunyonya, akitapika kila anachomeza, akipatwa na degedege, akilegea au asiamke vizuri, au akibonyea chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, huyo ni wa kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Na kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au mwili kupoa chini ya nyuzi 35.5, si la kusubiri wala la kutibiwa kwa dawa ya maji nyumbani. Ukimpigia daktari simu kuhusu mtoto wa wiki tatu mwenye homa, naye akakuambia umpe parasetamoli mpaka asubuhi, mtafute mwingine.

Nitaongeza moja ambalo wazazi wengi hawalijui. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayodhibiti maziwa mbadala ya watoto, na sheria hiyo hairuhusu vituo vya afya kutumiwa kuyatangaza. Kwa hiyo ukiona picha za makopo ukutani, au ukikabidhiwa kopo la bure wakati mtoto ananyonya vizuri na uzani unapanda, elewa kwamba hapo kuna maslahi mengine yaliyotangulia maslahi ya mtoto wako. Sisemi kwamba maziwa hayo hayana nafasi yake, kwa kuwa wako akina mama wanaoyahitaji kwa sababu za kweli. Nasema daktari hapaswi kuwa muuzaji wa maziwa hayo.

Kuhusu kumpima daktari kabla mtoto hajaugua: mpeleke akiwa mzima. Ana chanjo za wiki ya kumi na ya kumi na nne mbele yake. Kila mara anapochanjwa, kuna mtu anayepaswa kumtazama na kutia nukta ya uzani kwenye mchoro ulio katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Ingia na swali moja la kweli, kisha utazame kama anafungua kijitabu na kuusoma ule mchoro au anakifunga na kukurudishia.

Baba wa Nyalenda

Nimesoma mchango wa muuguzi kwa makini na namshukuru. Ninachotaka kuongeza ni upande wa wale ambao hatuna uwezo wa kumlipa mtaalamu kila mtoto anapokohoa, kwa sababu mijadala ya namna hii mara nyingi huandikwa kana kwamba sote tunaishi Milimani.

Nina watoto watatu. Daktari wao, nikilitumia neno hilo kwa maana ya mtu anayewajua, ni afisa wa kliniki katika kituo cha afya cha umma tunakofika kwa miguu. Si daktari kwa shahada. Alisomea stashahada ya miaka mitatu na mafunzo ya kazi baada yake, kisha akarudi chuoni kusomea zaidi afya ya watoto. Daktari wa kawaida husoma shahada kwa miaka sita na kufanya kazi mwaka mmoja chini ya usimamizi, na mtaalamu wa watoto huongeza miaka mingine ya uzamili juu ya hiyo. Siidharau elimu hiyo hata kidogo. Lakini mtoto wangu wa pili alipopata nimonia mwaka wa kwanza, aliyeigundua ni huyu wa kituo cha afya. Na aliyekuwa na ujasiri wa kuniambia, "Hii imezidi uwezo wa hapa," akaandika barua ya rufaa na kupiga simu mbele yangu katika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wazee wetu wanaiita Russia, ni huyo huyo. Tulipofika na tuktuk, wadi ilikuwa ikitutarajia.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: je, anajua mwisho wa uwezo wake, na akifika hapo ana mtu wa kumpigia? Nimeona mtoto wa jirani akishikiliwa siku nne katika kliniki yenye vitanda viwili, anatundikiwa maji na kubadilishiwa sindano, kwa sababu tu mwenye kliniki hakutaka kumpoteza mteja.

Kuna jambo la pili ambalo lilitufunza kwa uchungu. Binti yangu wa mwisho alikuwa na wiki chache tu madaktari wa hospitali za umma walipogoma mwaka 2024, kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, siku 56 kwa hesabu, na mwezi Aprili maafisa wa kliniki nao wakaingia katika mgomo wao. Siwalaumu, kwa sababu walikuwa na madai yao. Lakini sisi tulibaki na mtoto mchanga na milango imefungwa. Tangu hapo nimehakikisha tuna mahali pawili: pa umma, na pa pili, hospitali ya misheni au ya kibinafsi ambapo jina la mtoto limeshaandikwa kwenye faili na njia ya kufika usiku tunaijua.

Kuhusu gharama, usisahau kumwongeza mtoto kwenye akaunti yako ya SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024. Wazazi wengi hudhani mtoto mchanga anaingia mwenyewe chini ya jina la mama, kisha wanagundua kwenye dirisha la malipo kwamba hayumo. Sisi tulitumia karatasi ya taarifa ya kuzaliwa tuliyopewa hospitalini. Na kabla hujampenda daktari yeyote wa kibinafsi, muulize karani wa mapokezi kama kituo chao kina mkataba na SHA na ni huduma zipi zinazolipiwa. Uliza waziwazi, usione haya.

Mama Njiti, Nakuru

Mimi niko upande mwingine kidogo, na natumaini sitaonekana kumpinga ndugu yangu wa Nyalenda, kwa sababu aliyoyasema ni kweli kwa mtoto aliyezaliwa wakati wake na akiwa mzima. Wangu alizaliwa na wiki 31, akiwa na kilo moja na nusu, na kwa mtoto wa namna hiyo nasema bila kusita: mtafute mtaalamu wa watoto, na umtafute kabla hujaruhusiwa kutoka wadini.

Tulikaa wadi ya watoto wachanga wiki tano. Nilimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, kama nilivyofundishwa na wauguzi wa pale, ambao sitawasahau maisha yangu. Lakini tulipotoka nilidhani vita vimekwisha, nikampeleka kwa daktari wa mtaani ambaye alitazama kijitabu na kuniambia mtoto amedumaa. Hakuwa amedumaa. Ukuaji wa mtoto njiti husomwa kwa umri uliorekebishwa, yaani unatoa zile wiki alizozikosa tumboni kabla ya kumlinganisha na wenzake. Chanjo zake, kinyume chake, kwa kawaida hufuata tarehe aliyozaliwa kweli, wala hazingojei zile wiki. Daktari yule alivichanganya viwili hivyo: akamhukumu kwa uzani na akataka kumcheleweshea chanjo.

Mtaalamu tuliyempata baadaye aliniuliza swali la kwanza ambalo hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza: "Macho yake yalikaguliwa?" Hayakuwa yamekaguliwa. Mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho la njiti haijakomaa na inaweza kukua vibaya kimyakimya mpaka ikamharibia uwezo wa kuona, na ukaguzi wake hufanywa katika wiki za mwanzo, karibu wiki ya nne, wala si siku mama atakapotambua kwamba mtoto hafuati taa. Tulikwenda tukiwa tumechelewa, na kwa rehema za Mungu yalikuwa salama. Nawaandikia haya kwa sababu najua iko siku mama mwingine ataufikia uzi huu akiwa bado yuko wadini.

Jina la daktari yeyote unaweza kulithibitisha katika tovuti ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Leseni ya kufanya kazi hutolewa upya kila mwaka, na utaalamu wake huandikwa pale. Kibao mlangoni chenye maneno "kliniki ya watoto" hakimaanishi kwamba aliye ndani ni mtaalamu wa watoto. Maafisa wa kliniki wana baraza lao, wauguzi vilevile.

Muuguzi wa Kakamega

Mama Njiti amenikumbusha jambo nililopaswa kulitenganisha. Mtoto njiti, aliyezaliwa na kasoro ya moyo, aliyechelewa kulia alipozaliwa, au aliyewahi kupata degedege katika siku zake za kwanza, huyo ni wa mtaalamu, na vituo vya afya vinapaswa kumsaidia mama afike huko. Eldoret kuna hospitali ya watoto ya Shoe4Africa ndani ya hospitali ya rufaa ya Moi, iliyofunguliwa mwaka 2015, na wengi wetu wa Kakamega, Bungoma na Vihiga tunawapeleka watoto huko jambo linapokuwa zito. Mtoto mwingine aliye mzima hana haja ya kusafirishwa kilomita nyingi kwa ajili ya chanjo. Chanjo iliyo katika ratiba ya taifa ni ile ile, iwe zahanati au hospitali kubwa, na katika vituo vya umma hailipiwi.

Binti wa Siaya

Nimeusoma uzi huu tangu jana nikingoja mtu alitaje jambo hili, na kwa kuwa halijatajwa nitalitaja mimi.

Dada wa Riat, umehamia bonde la ziwa. Kwetu huku, daktari wa mtoto asiyeuliza kuhusu selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, hajui anafanyia kazi wapi.

Mzaliwa wangu wa kwanza alionekana mzima kabisa hadi alipokaribia miezi minane. Hivyo ndivyo ugonjwa huu ulivyo: miezi ya mwanzo mtoto bado ana himoglobini aliyotoka nayo tumboni, ambayo humkinga, na kadiri inavyopungua ndivyo maumivu yanavyoanza. Mikono na miguu yake ilivimba, akalia usiku kucha. Mahali pa kwanza waliniambia ameanguka, na wakaniangalia mimi na yaya kama watu waliomtendea mtoto ubaya. Mahali pa pili walitibu malaria. Mahali pa tatu walitibu malaria tena. Alikuwa na miezi kumi na mmoja, damu imeshuka mpaka viganja vimekuwa vyeupe, ndipo daktari mmoja kijana alipouliza kama katika ukoo wetu kuna watoto waliokufa wadogo bila sababu kujulikana. Nilimwambia wapo watatu, kwa mama mkwe wangu. Akanyamaza kidogo, kisha akaandika kipimo.

Daktari huyo ndiye daktari wa mwanangu mpaka leo, miaka sita sasa. Mtoto mwenye selimundu anayegunduliwa mapema huanzishiwa penisilini ya kila siku akiwa na miezi michache tu, na huendelea nayo mpaka afike miaka mitano, kwa sababu wengu wake haufanyi kazi vizuri na vijidudu vya kawaida vinaweza kumuua kwa siku moja. Hupewa kinga ya malaria. Siku hizi ipo pia dawa iitwayo haidroksiyurea, ambayo kwa mwanangu imepunguza maumivu kiasi kwamba anaenda shule kama wenzake. Tena daktari alinifundisha mimi mwenyewe kuupapasa wengu chini ya mbavu za kushoto, ili ukivimba ghafla na mtoto akapauka nijue kwamba hiyo ni safari ya usiku ule ule. Alinichukua mkono wangu akauweka mahali penyewe, akangoja mpaka niliposema nimeelewa. Mtu akiniuliza nilimchaguaje daktari, jibu langu ni hilo.

Mimi na mume wangu hatukuwa tumewahi kuugua. Sote wawili ni wabebaji, yaani tunaweza kuurithisha bila kuugua wenyewe, na kwa wazazi kama sisi kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa mtoto mwenye ugonjwa wenyewe. Usingoje dalili. Omba kipimo sasa, mtoto akiwa mzima. Na kama daktari atakuambia huna haja kwa kuwa mtoto ni mnene na anacheka, mwambie ya mwanangu.

Bibi wa Busia

Wanangu, mimi ni bibi, na nimesaidiwa na mjukuu kuandika haya. Nimelea wajukuu saba.

Mnawazungumzia madaktari na akina mama, lakini mtoto wa kwetu halelewi na mama peke yake. Mara nyingi anayeamua apelekwe wapi ni bibi, na nyakati zangu tuliwapeleka kwa wanawake wa kijiji waliojua dawa. Mtoto akiharisha na kupata homa, tulisema ana meno ya plastiki, na meno yale yalitolewa kwenye ufizi kwa kitu chenye ncha. Nimeshuhudia hilo likifanywa kwa mtoto wa dada yangu, na sitaki kueleza yaliyofuata.

Mjukuu wangu wa tano alipogeuka njano siku ya tatu, macho na ngozi mpaka kwenye nyayo, tulimpeleka kwa daktari wa kike mjini. Aliuliza kundi la damu la mama yake. Kisha akaniuliza mimi, si binti yangu, nguo za mtoto zilikuwa zimehifadhiwa wapi. Nilimwambia ziko sandukuni tangu mjukuu wa nne, na nimezitilia naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Akaeleza kwamba wako watoto wengi upande wetu wanaozaliwa na upungufu wa kitu fulani katika damu, na harufu ya vidonge vile huweza kuivunja damu yao mpaka wakawa njano hivyo. Mtoto akalazwa chini ya taa za buluu, akapona.

Nilikuwa nimejiandaa kukemewa. Hakunikemea. Aliniita mama, akanikalisha, akanieleza mpaka nikaelewa, na siku hiyo hiyo nilimuuliza kuhusu meno ya plastiki, akanionyesha kwa kidole chake katika kinywa cha mtoto kwamba ule uvimbe mweupe ni jino lake halisi linalongoja wakati wake. Tangu hapo hakuna mtoto wa boma letu aliyeguswa ufizi. Kama angenidharau, ningeondoka na kuendelea na mambo yangu kimyakimya. Dada wa Riat, siku utakapokwenda kumwona daktari, nenda na mama mkwe wako, uangalie anavyozungumza naye.

Mama wa Riat

Nimesoma kila mchango mara mbili, na wa Binti wa Siaya mara nne. Mume wangu ni wa Siaya. Mimi nimezaliwa Nakuru kwa wazazi waliotoka Vihiga. Katika wiki zote tulizokaa Nakuru hakuna aliyewahi kututajia selimundu, na mimi pia sikuwahi kuiwazia. Kesho naenda kuuliza.

Baba wa Nyalenda

Uliza pia kuhusu chanjo ya malaria, dada. Nakuru iko juu na mbu wa malaria ni wachache, kwa hiyo huenda kijitabu chako hakikuandikiwa chochote. Huku kwetu imekuwa ikitolewa tangu 2019, kuanzia Homa Bay na kaunti nyingine za eneo la ziwa na magharibi. Dozi tatu za kwanza huja katika miezi ya 6, 7 na 9, na ya nne katika mwaka wake wa pili. Waulize kliniki yako mwezi hasa. Wazazi wengi huisahau hiyo ya mwisho kwa sababu mtoto ameshakuwa mkubwa. Neti iendelee kutumika hata akishachanjwa.

Mama wa Riat

Nimerudi baada ya wiki tatu, kwa sababu niliwaahidi moyoni kwamba nitawaeleza tulikofikia.

Nilitembelea mahali patatu mtoto akiwa mzima, kama muuguzi alivyonishauri. Kwa wa kwanza nilisubiri saa tatu, na nilipoingia aliongea na simu muda mwingi kuliko alivyoongea nami, nilimshukuru nikaondoka. Wa pili ni mtaalamu wa watoto mjini, mpole na makini sana, ambaye alimkagua mtoto kuanzia utosini hadi nyonga na vidole vya miguu, akasikiliza moyo wake kwa muda mrefu. Lakini alinieleza mwenyewe, bila kuzunguka, kwamba usiku hapatikani na kwamba kutoka Riat kufika kwake asubuhi yenye msongamano si jambo rahisi. Aliniambia, "Tafuta mtu wa karibu, na akishindwa anitumie." Niliupenda uaminifu huo.

Wa tatu ni yule yule afisa wa kliniki wa siku ya kwanza. Nilikwenda na mama mkwe, kama Bibi alivyoshauri. Nilipomtajia selimundu alikiri mbele yetu kwamba alipaswa kuniuliza siku ile tulipokutana, akanishukuru, akatoa damu kisiginoni hapo hapo na kuipeleka kupimwa. Kisha akamgeukia mama mkwe na kumuuliza kuhusu watoto wa ukoo wao, polepole, kwa Kiluo, na mama mkwe akaeleza mambo ambayo mume wangu mwenyewe hakuwa anayajua, kuhusu mdogo wake aliyezikwa akiwa na miaka miwili.

Kwa hiyo tumepanga hivi: afisa wa kliniki ndiye wa kila siku, mtaalamu wa mjini ndiye wa rufaa, naye ameshafungua faili ya mtoto. Nambari ya dereva wa tuktuk anayekubali kupanda hadi kwetu usiku nimeibandika kwenye mlango wa jokofu.

Majibu ya damu yalitoka jana. Mwanangu ni AS. Si mgonjwa, ni mbebaji. Afisa alinieleza kwamba ubebaji huo ameupata kwa mmoja wetu, au sote tunao, na kwamba kabla ya mtoto wa pili yafaa tujue ni nani. Mume wangu na mimi tunapimwa Jumatatu. Chanjo ya kwanza ya malaria imeshaandikwa kwa kalamu ya risasi kwenye ukurasa wa miezi sita.

Binti wa Siaya

Asante kwa kurudi kutueleza, dada yangu. Ukishapata majibu ya Jumatatu, niandikie faraghani, hata kama ni usiku.